Aya Tulizoziruka

Wengi wetu tuliolelewa kanisani tuliijua Zaburi ya 137 mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa kwa Boney M., kwenye kanda za kaseti zilizopigwa ndani ya mabasi, kwenye harusi na hata kwenye sherehe za Kipaimara. Mara ya pili tuliikuta katika Biblia, tukashangaa kwamba wimbo ule wa kucheza ulikuwa maombolezo ya watu waliochukuliwa utumwani. Baadaye, tukiwa watu wazima, tuligundua kwamba Boney M. walikuwa wameupokea tu. Wimbo ulikuwa wa Wajamaika watatu walioitwa The Melodians, waliourekodi mwaka 1970, miaka minane kabla ya ule wa kaseti. Na walioutawanya nje ya kisiwa chao kabla Boney M. hawajaushika walikuwa watengenezaji wa filamu moja yenye bangi, bastola na mhubiri mkali.

Filamu hiyo ni The Harder They Come, na santuri ya nyimbo zake, yenye jina hilohilo, ilitolewa mwaka 1972 na Island Records. Mwongozaji wake alikuwa Perry Henzell, aliyeiandika pamoja na mtunzi wa tamthilia Trevor Rhone. Jamaika ilikuwa imepata uhuru miaka kumi tu iliyopita, na hii inahesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza iliyotengenezwa na Wajamaika wenyewe. Mwimbaji Jimmy Cliff anaigiza Ivan, kijana wa shamba anayeingia Kingston akiwa na nia ya kuimba. Hapati kazi, anaishia kuishi kwenye kiwanja cha Mhubiri, anarekodi wimbo wake na kulipwa dola 20, anaingia katika biashara ya bangi, anawapiga risasi polisi, na wimbo wake unavuma redioni wakati yeye yuko mafichoni. Mwishowe anauawa ufukweni. Kisa kimeegemea mtu wa kweli, Vincent Ivanhoe Martin, jambazi aliyeitwa Rhyging, aliyeuawa na polisi mwaka 1948.

Filamu hatuitetei hapa, na wala hatupendekezi ionyeshwe kwa watoto wa shule ya Jumapili. Tunachotaka kukizungumzia ni santuri. Ina nyimbo 12, nyingi kati yake hazikutungwa kwa ajili ya filamu. Henzell aliokota vibao vilivyokuwa vimekwisha kuvuma Jamaika tangu 1967, akavichanganya na vya Cliff. Kwa hiyo ni mkusanyo, na mkusanyo husomwa pia kwa mpangilio wake, jinsi tunavyosoma kitabu cha Zaburi na kujiuliza kwa nini Zaburi ya 22 imekaa kabla ya ya 23.

Zaburi ya 137 imewekwa ya tatu katika upande wa kwanza. Kabla yake kuna wimbo wa kijana aliyeachwa na mpenzi. Baada yake ni kilio cha Cliff, Many Rivers to Cross. Hakuna aliyeitenga Zaburi ile kama kitu kitakatifu. Imebanwa katikati ya maumivu ya mapenzi na maumivu ya ughaibuni, kama mtu anavyobanwa kwenye kiti cha daladala. Tunakiri kwamba mara ya kwanza jambo hili lilitukera. Tulipoendelea kusikiliza tulianza kuona kwamba waliokaa kando ya mito ya Babeli nao hawakuwa na benchi lao peke yao.

Tuangalie walichokifanya The Melodians na maandiko. Brent Dowe na Trevor McNaughton, watunzi wa wimbo huo, walichukua aya za mwanzo za Zaburi ya 137: kuketi kando ya mto, kulia kwa kuikumbuka Sayuni, na watekaji wanaodai waimbiwe. Kisha waliruka mpaka Zaburi ya 19, aya ya mwisho, ile ambayo wahubiri wetu wengi huiomba kabla ya mahubiri, wakimsihi Mungu apendezwe na maneno ya kinywa na mawazo ya moyo. Sauti zao ni tatu, hazina haraka, na gitaa linakata mapigo yake kwa mkato mfupi ule wa reggae ya mwanzo. Hakuna kelele. Ukiusikiliza baada ya ule wa Boney M. unaona kwamba kasi imeshuka na huzuni imerudi mahali pake.

Serikali ya Jamaika iliupiga marufuku wimbo huu redioni kwa muda, kwa hofu kwamba ulikuwa wa kichochezi. Leslie Kong, mtayarishaji wake, alilalamika hadharani kwamba maneno yake karibu yote yanatoka kwenye Biblia, marufuku ikaondolewa, na wimbo ukapanda upesi. Hebu tufikirie nchi iliyojaa makanisa, ambayo Zaburi husomwa kila Jumapili bila afisa yeyote kushtuka. Zaburi hiyohiyo ikatoka kinywani mwa maskini wa Kingston, ikasikika kuwa ni uchochezi. Maofisa wale hawakuwa wajinga. Waliisikia vizuri kuliko sisi, maana Zaburi ya 137 kweli ni maneno ya watu waliotekwa dhidi ya waliowateka.

Lakini hatuwezi kupita hapa bila kusema neno la imani. Mahali ambapo Zaburi inamtaja Bwana, The Melodians walitia majina ambayo Warastafari humwita Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia. Boney M. waliyaondoa. Sisi tunaomkiri Kristo hatuwezi kuuimba wimbo wa The Melodians ulivyo kama sala yetu, na tusijifanye kwamba tofauti hiyo ni ndogo. Tuseme pia lililo kweli upande wa pili: Haile Selassie mwenyewe alikuwa Mkristo wa Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia. Alipoizuru Jamaika mwezi Aprili 1966 alipokewa na umati uliomwona kuwa zaidi ya mfalme. Mwaka 1970, mwaka uleule wa wimbo huu, Kanisa lake likaanza kazi yake kisiwani, na Warastafari wengi wakabatizwa humo. Walioimba kwamba Mungu yuko Ethiopia waliletewa makasisi kutoka Ethiopia. Ni moja ya habari za ajabu za umisheni wa karne iliyopita, na ni nadra kuisikia katika semina zetu za uinjilisti.

Tunachotaka kukikazia zaidi ni kile walichokiacha The Melodians. Zaburi ya 137 ina aya tisa. Sita za kwanza ni machozi na kiapo cha kutoisahau Yerusalemu. Ya saba inawakumbuka Waedomu walioshangilia mji ulipobomolewa. Ya nane na ya tisa zinamgeukia binti Babeli, na ya tisa inamwita heri mtu atakayewakamata watoto wachanga wa Babeli na kuwapigiza mwambani. Hatuinukuu. Kila mwenye Biblia anajua ilipo, na kila mwenye watoto anajua kwa nini hairudiwi.

The Melodians waliiruka, wakaweka mahali pake sala ya Zaburi ya 19. Na hawakuwa peke yao. Mwaka 1971, mwaka mmoja tu baada ya wimbo wao, Kanisa Katoliki lilipotoa Liturujia ya Vipindi iliyofanyiwa marekebisho, liliacha kabisa Zaburi tatu za laana, ya 58, ya 83 na ya 109, na likakata pia aya kadhaa katika Zaburi nyingine, zikiwemo za mwisho za ile ya 137. Sisi wa makanisa mengine tusiwacheke ndugu zetu Wakatoliki. Wao walikata kwa uamuzi ulioandikwa. Sisi hukata kimyakimya, mwongoza ibada anapotangaza kwamba tutasoma Zaburi ya 137 kuanzia aya ya kwanza mpaka ya sita, na hakuna anayeuliza habari za ile ya saba. Kwaya zetu zinazoimba juu ya mito ya Babeli huishia penye vinubi vilivyotundikwa mitini.

Sababu ya kukata inaeleweka. Hatutaki mtu atoke ibadani akidhani ametumwa kuua mtoto. Lakini aya ile inaondoka kwenda wapi? Mtu aliyebomolewa nyumba yake na kumwona anayeshangilia haachi kuwa na hasira kwa sababu sisi tumeishia aya ya sita. Santuri ya The Harder They Come inajibu swali hilo, nadhani bila hata waliyoipanga kukusudia. Aya iliyorukwa katika wimbo wa tatu inarudi katika wimbo wa sita.

Wimbo wa sita ndio wenye jina la filamu, ule ambao Ivan analipwa dola 20 kwa kuuimba. Jina lake limetokana na msemo wa zamani wa Kiingereza juu ya ukubwa na anguko: kadiri mtu alivyo mkubwa, ndivyo kishindo cha kuanguka kwake. Waswahili wana wao, mpanda ngazi hushuka. Wimbo unaanza kwa kulishtaki kanisa. Mwimbaji anasema ameahidiwa mema ya mbinguni akishakufa, lakini tangu kuzaliwa mpaka kufa hakuna anayekisikia kilio chake. Kwa hiyo atadai fungu lake sasa hivi, hapa duniani. Kisha anaapa kwamba wanaomkandamiza wataanguka, na kwamba yeye afadhali afe huru kuliko kuishi kama mtumwa. Ngoma zinachangamka, kinanda kinapandisha, mtu yeyote atatikisa kichwa. Kilichotikiswa ni aya ya nane ya Zaburi, ile inayomtakia mnyang'anyi alipwe kama alivyotenda.

Katika filamu tunauona wimbo huo ukipita kanisani. Ivan anautumia ukumbi wa kanisa kufanyia mazoezi, kwa msaada wa Elsa, binti anayelelewa nyumbani kwa Mhubiri. Mhubiri anagundua, anawaka hasira. Kwa macho yake nyimbo za kidunia zimeinajisi nyumba ya Bwana. Na kweli Ivan si malaika. Ana kiburi, anapenda mavazi, na tayari anamtamani Elsa. Lakini pale Mhubiri anapomfukuza, kijana anabeba shtaka lake kwenda studio, na kutoka studio anakwenda kwenye bastola. Tukiitazama sehemu hiyo hatuwezi kujizuia kufikiria kijana tuliyemjua wenyewe, mpiga kinanda wa kwaya, ambaye kikao cha wazee kilimnyang'anya ufunguo wa chumba cha vyombo kwa kuwa alikuwa akifanya humo mazoezi ya nyimbo zake usiku. Tulikuwamo katika kikao hicho. Hatukuuliza nyimbo zenyewe zilikuwa zinasema nini.

Mtu wa kanisa atajibu, na atakuwa na haki, kwamba tumaini la mbinguni si udanganyifu. Watumwa wa Jamaika walilishikilia tumaini hilo katika mashamba ya miwa, na hatuna ruhusa ya kuliita la kipumbavu tukiwa tumeketi kwenye viti vyetu. Ila wimbo haukushtaki tumaini lenyewe. Umemshtaki anayelitumia tumaini kumnyamazisha mwenye njaa. Yakobo katika waraka wake alilisema jambo lilelile kuhusu mtu anayemwaga ndugu yake kwa maneno ya amani bila kumpa chakula wala nguo. Tofauti ni kwamba Yakobo yumo katika Biblia, kwa hiyo akisema tunaitika amina.

Hapa upande wa kwanza unaisha, na msikilizaji wa santuri hana budi kuinuka kuigeuza. Tunapenda kusimama hapo kidogo, maana kama santuri ingeishia hapo ingekuwa propaganda ya bastola tu. Upande wa pili unafungua kwa Johnny Too Bad cha The Slickers. Huyu Johnny anatembea na bastola na kisu kiunoni, anapora, anachoma, na waimbaji hawamlaani kwa ukali. Wanamuuliza tu atakimbilia wapi siku ile. Atakimbilia mwamba kuomba kuokolewa, wanasema, na mwamba hautakuwepo. Mwenye masikio ya kanisa anautambua mara moja wimbo wa zamani wa Wamarekani weusi juu ya mwenye dhambi anayetafuta pa kujificha, na nyuma yake Ufunuo sura ya sita, watu wanaoiomba milima iwaangukie. Kwa hiyo yule aliyeapa kulipa kisasi mwishoni mwa upande wa kwanza anapewa hukumu mwanzoni mwa upande wa pili, na anayempa ni vijana wenzake wa mtaani wenye lugha ya kanisa vinywani. Mhubiri wa filamu alikuwa na maneno hayohayo. Alichokosa ni ule upole wa sauti.

Halafu unakuja wimbo wa Desmond Dekker wa mwaka 1967, juu ya vijana wakorofi wa vitongoji vya mabati wanaojiona kama majasusi wa sinema. Ni mzuri, ni mwepesi, na hatuna mengi ya kuusemea.

Pressure Drop cha The Maytals ndicho tunachokirudia zaidi. Kiongozi wao, Toots Hibbert, alikulia katika nyumba ya wahubiri wa Kiadventista na alianza kuimba kwaya akiwa mtoto, na ukimsikia hakuna haja ya kuambiwa. Anapaza sauti jinsi mzee wa kanisa anavyopaza anapoombea wagonjwa, neno likimshinda anabaki na mlio tu. Maneno ya wimbo ni machache mno: mzigo utakushukia, nawe utajua kwamba ulitenda mabaya. Toots mwenyewe alieleza kwamba ni wimbo wa kisasi, lakini kisasi ambacho yeye hakilipi kwa mkono wake. Aliyemtendea mabaya asiye na hatia, mabaya yatamrudia. Paulo aliwaandikia Warumi jambo hilo katika sura ya 12, kwamba waiachie nafasi ghadhabu ya Mungu. Mara ngapi tumelihubiri neno hilo kana kwamba lina maana ya kusahau! Toots hajasahau hata kidogo. Anamtaja mkosaji mbele ya Mungu na mbele ya watu, tena kwa furaha, kisha anaweka mikono yake mfukoni. Ndivyo Zaburi ya 137 inavyofanya ukiisoma mpaka mwisho: mwenye hasira anaitoa yote katika sala, na hakuna mtoto anayeguswa.

Hilo ndilo jambo tunalolidai kwa santuri hii. Ukiisikiliza yote, kwa mpangilio wake, inaimba Zaburi nzima. The Melodians waliikata, na walifanya vizuri kwa wimbo mmoja unaoweza kuimbwa na umati. Lakini majirani zao katika santuri wakaubeba ule uliobaki: Cliff akabeba laana, The Slickers wakabeba hukumu juu ya mwenye kulaani, Toots akamkabidhi Mungu deni. Sisi kanisani tumekata pia, ila hatukumwachia mtu yeyote mwingine kazi ya kuzibeba aya zile.

Many Rivers to Cross tumeutaja kwa kupita, na haustahili kupitwa. Cliff aliutunga akiwa bado kijana, baada ya kwenda Uingereza akitumaini makubwa na kukutana na milango iliyofungwa. Unaanza kwa ogani, kama ibada ya mazishi, na sauti za waitikiaji zinamwinua kila anapokaribia kuvunjika. Anataja majabali meupe ya Dover, na hapo tunajua kwamba mto wake ni bahari. Kuuweka mara baada ya mito ya Babeli ni kazi nzuri ya mpangaji. Mito ile ya Zaburi ilikuwa ya kuketi kando yake. Hii ni ya kuvuka, na mwimbaji haoni njia. Tunawajua waumini wetu walioko Ulaya na Ghuba wanaotutumia ujumbe usiku, na kama kuna wimbo unaosema wanachokificha katika ujumbe huo, ni huu. Mungu hatajwi popote ndani yake. Hatuuoni kuwa pungufu kwa sababu hiyo. Katika kitabu cha Esta Mungu hatajwi pia.

Na kuna Sweet and Dandy, wimbo wa harusi ulioshinda shindano la nyimbo la Jamaika mwaka 1969. Bwana arusi ana wasiwasi chumbani, bibi arusi analia, wazee wanawabembeleza, gharama zimewapanda kichwani, na nje watu wameshaanza kucheza. Yeyote aliyewahi kukaa katika kamati ya harusi atacheka. Ukikaa kati ya kilio cha Cliff na shtaka la Cliff, wimbo huu mdogo unafanya kazi ile ambayo Zaburi za kupanda kwenda Yerusalemu hufanya: unatukumbusha kwamba waliotekwa nao huoana.

Tuna malalamiko. La kwanza ni juu ya mwanzo wake. Santuri inafunguliwa na You Can Get It If You Really Want, wimbo unaoahidi kwamba ukitaka kweli na kujitahidi kweli, utapata. Desmond Dekker aliufikisha nafasi ya pili nchini Uingereza mwaka 1970, na unapendeza kama maji baridi. Lakini ni uongo, na filamu yenyewe inauumbua: Ivan alitaka kweli, akajitahidi kweli, akapata dola 20 na risasi. Katika makanisa yetu mafundisho hayo yana jina, na tumeona yanavyomwacha mtu aliyetoa sadaka ya mwisho na asipate kitu, akibaki kujilaumu kwamba hakutaka vya kutosha. Huenda kuuweka mwanzoni kulikuwa kejeli. Ila ukasikika tena karibu na mwisho, ukifuatiwa na wimbo wa jina la filamu, nao kwa mara ya pili. Nyimbo 12 kwa kweli ni 10, na mbili za mwisho zimewekwa kujaza nafasi.

La pili linatuuma zaidi. Hakuna mwanamke anayeongoza wimbo hata mmoja. Elsa, anayeimba katika kwaya, anayehatarisha nafasi yake nyumbani kwa Mhubiri, anayempenda Ivan na kubaki na matokeo ya aliyoyatenda, hana wimbo. Filamu ina ibada nzima, watu wakipiga makofi na kuimba mpaka jasho linawatoka, na ni moja ya sehemu zake zilizo hai kuliko zote. Santuri haikuchukua hata dakika moja ya ibada hiyo. Kwa hiyo msikilizaji aliyenunua santuri mjini London au Boston alisikia shtaka dhidi ya kanisa, na hakusikia kanisa lenyewe likiimba. Hiyo si haki kwa akina mama wa Kingston, ambao kwao ibada ile ilikuwa mahali pekee pa wiki ambapo hakuna aliyewaamuru. Wao pia walikuwa kando ya mito ya Babeli. Ivan alipata reggae na bastola, wao walikuwa na matari na kitabu cha nyimbo, na walibaki hai kuwalea watoto wa waliouawa.

Na tuseme neno juu ya watekaji walioomba waimbiwe. Aya ya tatu ya Zaburi inasema walidai nyimbo za furaha. Hilton, mtayarishaji tajiri katika filamu, anadai vilevile na kulipa dola 20. Kisha filamu ikapelekwa Marekani, ikaonyeshwa kwa tafsiri chini ya picha ingawa inazungumzwa Kiingereza cha Kijamaika, na wanafunzi wa vyuo wakawa wakienda kuitazama usiku wa manane. Kisha mwaka 1978 Zaburi iliyouliza mtu ataimbaje wimbo wa Bwana ugenini ikawa muziki wa disko wa dunia nzima. Nasi tuliicheza kwenye Kipaimara. Hatujui tumweke nani katika nafasi ya mtekaji hapo, na tunashuku kwamba sisi wenyewe tumo.

Wanaotuuliza kama santuri hii inaweza kusikilizwa katika ukumbi wa usharika tunawajibu ndiyo, kwa vijana wakubwa na wazee pamoja, kwa sharti moja: isikilizwe yote, na Zaburi ya 137 isomwe yote kabla ya kuanza, mpaka aya ya tisa, na anayesoma asiharakishe. Mwishoni tungependa mwenye mtambo aukate mapema kidogo. Kabla ya zile nyimbo mbili za kujaza kuna Sitting in Limbo, ambamo Cliff anaimba polepole juu ya kuketi akingoja, bila kujua ni nini kinachokuja, akiwa na hakika tu kwamba wakati unasogea. Jina limetoka katika theolojia ya zamani, mahali ambapo roho zilingoja mlango ufunguliwe. Haahidi kitu na hamtishi mtu. Wimbo ukiisha, inua sindano.